Axel Bruhn, Aliyeimbisha Sanduku la Vifaranga

"Hata punje moja, dada. Ukitia chumvi nitaamka ndani ya jeneza nikusahihishe mbele ya mchungaji."

"Basi wasifu wako utakuwa mistari minne," alijibu dada yake, Inger. "Alizaliwa, alisoma, alitengeneza mashine za kuku, akafa. Watu watakuwa wanatafuta funguo za magari kabla binti yako Lyla, anayeusoma, hajavuta pumzi ya pili."

"Mistari minne inatosha."

"Inamtosha nani? Hata jogoo wetu wa mwaka hamsini na moja tulimsemea zaidi ya hapo, na tulikuwa tunamla."

Ugomvi huo ulikuwa Jumanne, tarehe 10 Februari 2004, katika chumba cha kulala cha marehemu kwenye barabara ya Skillman, na uliendelea mpaka kahawa ikapoa. Axel alikuwa amemwomba dada yake aandike wasifu huu, halafu akaogopa alichokiomba. Alikuwa na sababu. Kwa miaka sitini Inger aliwasimulia watu wa Petaluma habari za kuku aliyetaga yai lenye saa ndani, na za jogoo aliyepiga kura. Mwisho walikubaliana hivi: uongo mmoja, mdogo, basi. Kisha Axel akasema, "Na yale ya siku ya rekodi uyaandike yalivyokuwa. Wewe ulikuwepo." Hapo Inger akainuka akaenda kuosha vikombe, ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kwa maana yalivyokuwa, Axel hakuyajua. Wala rafiki yake Delmar Stroud hakuyajua, na kwa kutoyajua hakumtembelea Axel hata mara moja kwa miaka thelathini na mitano. Aliyeyajua alikuwa mtu mmoja tu, naye alinyamaza. Yatasemwa hapa, kabla udongo haujarudishwa. Lyla, bintiye marehemu, amekubali kuyasoma yote, hata pale ambapo angependa kuruka. Sauti ikimkatika, wafiwa na wageni mngojeni.

Axel Thorvald Bruhn alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Aprili 1937, shambani kwa wazazi wake, Thorvald na Karen Bruhn, magharibi mwa mji wa Petaluma, wilaya ya Sonoma, California. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Alikuja wiki sita kabla ya wakati, ana uzito wa kuku ambaye hajala vizuri, na daktari akatikisa kichwa na kuchukua kofia yake. Baba yao hakutikisa kichwa. Alikuwa na kuku weupe elfu tatu na sanduku la kutotolea vifaranga lililotengenezwa kwa mbao nyekundu za msitu, lenye taa na kipimajoto, na aliliamini kuliko alivyomwamini daktari. Akamlaza mtoto trei ya juu, katikati ya mayai. Inger alikuwa na miaka sita na kazi yake ilikuwa kugeuza mayai mara tatu kwa siku. Akamgeuza na mdogo wake. Siku ya ishirini na moja vifaranga wakaanguliwa, na Axel akafumbua macho akalia nao. Wanaosema kwamba huo ndio uongo mdogo ulioruhusiwa wangewauliza waliokuwepo, ila waliokuwepo, ukimtoa Inger, wote wako makaburini Cypress Hill, mstari wa pili kutoka kaburi la Axel.

Axel aliingia shule mwaka 1943. Inger hakuwepo tena shuleni, kwa kuwa aliiacha darasa la kwanza mama yao alipoumwa mgongo, na mayai hayangoji mtu apone. Afisa wa serikali aliyekuja kumtafuta aliambiwa kwamba binti huyo amekwenda Denmark. Alikuwa ndani ya pipa la mashudu, anamsikia. Basi kila alasiri Axel alirudi na daftari lake, akaketi na dada yake kwenye meza ya kukagulia mayai. Huko chumba kilikuwa na giza, na kila yai liliinuliwa mbele ya taa lionekane lina nini ndani. Axel alichukua penseli ile ya kutilia alama upande wa juu wa yai, akaandika herufi moja kwenye kila yai. Neno la kwanza Inger kulisoma maishani mwake lilikuwa jina lake, herufi tano kwenye mayai matano, na mawili kati ya hayo yalikuwa viza. Kwa hiyo hata maandishi haya, makosa yake ni ya Inger, lakini herufi ni za Axel.

Majira ya baridi ya 1949 taa ya sanduku ilizimika wakati wote wamelala, na mayai mia nne yakafa kwa baridi. Baba yao alilia, jambo ambalo watoto hawakuwa wameliona. Axel, mwenye miaka kumi na miwili, alifungua redio ya jikoni, akatoa alichokitaka, akakiunganisha na sanduku kwa waya. Kuanzia siku hiyo sanduku liliimba. Joto likikaa sawa, lilitoa mlio mmoja mwembamba usiokatika. Joto likishuka, mlio ulishuka, likipanda, ulipanda. Mama yao alisema nyumba ina mbu asiyekufa. Axel alikuwa anaweza kusimama uani, amefumba macho, na kusema, "Tisini na saba na nusu," na ukienda kutazama kipimajoto, kile cha Farenhaiti, ni tisini na saba na nusu. Aliujua mlio ule kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Alimaliza sekondari ya Petaluma mwaka 1955, akasoma miaka miwili Santa Rosa, kisha akatumikia jeshi la majini kama fundi wa redio huko Mare Island tangu 1957 hadi 1960. Alisifiwa kwa nidhamu na kuonywa mara mbili kwa kuchelewa chakula.

Mwaka 1965 alihamia San Francisco, akafanya kazi katika duka la kutengeneza redio mtaa wa Divisadero. Huko ndiko Delmar Stroud alikomletea amplifaya iliyoungua. Delmar alipiga gitaa na kuimba. Mdogo wake, Lyle, alipiga besi. Walikuwa wana wa mkulima wa matufaha kutoka Sebastopol, maili chache tu kutoka kwa Bruhn. Delmar alikuwa na maneno ya kujaza debe. Lyle alikuwa mkimya, na alipokuwa anasikiliza kitu aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikia mwewe. Walikuja kuchukua amplifaya saa nne asubuhi, na jua lilipozama bado walikuwa dukani.

Axel alikuwa amenunua kwenye mnada wa jeshi vile visanduku vya kupimia redio, tisa. Kila kimoja kikiwashwa hutoa mlio mmoja. Ukizungusha kitasa, mlio hupanda au kushuka, kutoka mngurumo wa trekta hadi ukelele ambao mbwa tu ndio wanaousikia. Alivipangia vitufe vya kupigia simu za maandishi, akavicheza kwa vidole, viwiko na goti moja. Shida ilikuwa valvu zake, vile vibomba vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za zamani. Zikipata baridi, sauti inateremka. Ukumbi ukijaa watu na taa, inapaa, na magitaa yanaachwa chini. Vijana wengine waliokuwa wakijaribu mambo kama hayo mjini walivumilia. Axel alikuwa mtoto wa Petaluma. Alirudi nyumbani, akalitoa sanduku la mbao nyekundu bandani, akavipanga visanduku vyote tisa kwenye trei, akafunga mlango wake kwa komeo la shaba na kuweka joto digrii tisini na tisa na nusu, kama la mayai. Mlio ukatulia kama maji kwenye mtungi.

Mashine ile waliiita Tetea. Iliwashwa saa mbili kabla ya muziki. Magitaa yalijipima kwake, yeye hakujipima kwa mtu. Na sheria ilikuwa moja, imeandikwa kwa chaki ubavuni: mlango usiguswe.

Bendi iliitwa Yai Mwangani, watu wanne pamoja na mpiga ngoma, na ilipanda jukwaani mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 4 Machi 1967, katika ukumbi wa zamani wa dansi. Inger alikuwepo, amekuja na trei ya mayai ya kuwapa vijana kwa sababu walikuwa wamekonda. Mafuta na maji ya rangi yalichezeshwa juu ya vioo vya taa, na kuta zikawa zinatembea. Katikati ya ukuta Axel alirusha mwanga wa taa ya baba yao ya kukagulia mayai. Utepe wa kunasia sauti ulitoka kwenye mashine, ukavuka jukwaa, ukazunguka chupa ya maziwa, ukarudi, ili neno lililoimbwa lirudi baadaye kama mtu aliyesahau mwavuli. Sauti ya Delmar ikipita ndani ya Tetea ilitoka imekuwa mbili, kana kwamba anaimba huku amesimama nyuma yake mwenyewe. Vijana walilala sakafuni. Mmoja, ambaye bila shaka alikuwa amemeza kitu, alimshika Inger mkono akamuuliza kwa upole kama na yeye anaiona sauti. Inger alimjibu kwamba anachokiona ni kamba za viatu vyake, hazijafungwa, ataanguka.

Lakini hata yeye, mtu wa mizaha, alipomtazama mdogo wake aliisahau trei ya mayai mkononi. Axel alikuwa ameweka sikio lake moja juu ya sanduku, macho yamefumbwa, uso wake ni ule ule wa mtoto aliyesimama uani. Hakuwa na furaha kama ile kabla ya hapo. Baada ya hapo aliipata kwa mwaka mmoja na nusu tu.

Sasa ya siku ya rekodi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 1968, katika studio moja ndani ya ghala la zamani mtaa wa Folsom. Kampuni ya Los Angeles ilitaka kusikia wimbo wao mrefu, wa dakika kumi na saba. Walipewa studio hadi saa tisa alasiri, kisha inaingia bendi nyingine. Na haikuwepo siku ya pili, kwa kuwa Lyle Stroud alikuwa na barua ya jeshi mfukoni. Jumatatu alitakiwa kuripoti Oakland, na kutoka hapo Vietnam. Delmar alitaka vidole vya mdogo wake vibaki kwenye santuri kabla havijashika bunduki. Hakusema hivyo. Alisema, "Leo hakuna mchezo, sawa?" na kila mtu akaelewa.

Asubuhi iliishia kwenye nyaya na maikrofoni, na Inger alifika saa saba na nusu mchana na kikapu cha mikate ya mayai na birika la kahawa. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, na vijana wakachukua chakula kwenda kukaa juani kwenye ngazi za nje. Inger akabaki ndani kumimina kahawa. Na Tetea alikuwa pale, amesimama kwenye kona, analia taratibu.

Aliyefuga anajua. Mayai yakifika wiki ya pili, kila mchana mlango wa sanduku hufunguliwa ili yapumue, dakika kumi, kumi na tano, kama kuku mwenyewe anavyoondoka kiotani kwenda kula. Hayadhuriki. Ukifunga yanapata joto lake tena. Inger alikuwa ameufungua mlango ule ule, wa sanduku lile lile, kila mchana tangu akiwa na miaka sita. Mkono haukumuuliza. Uliinua komeo la shaba, ukafungua mlango wazi, ukarudi kwenye birika.

Angekumbuka baada ya dakika moja. Lakini alikuwepo mzee wa kupiga deki, amechoka, anapenda kusikiliza, na Inger alikuwa ameshaanza kumsimulia habari za jogoo aliyepiga kura. Hadithi ilikuwa ndefu, na ilimnogea mwenyewe. Mzee alicheka mpaka akaegemea fagio. Dirisha lilikuwa wazi na hewa ya bahari inaingia. Inger alipozisikia hatua za vijana kwenye ngazi aligeuka, akauona mlango. Zilikuwa zimepita dakika hamsini. Akaufunga, akarudisha komeo, akafuta alama za vidole kwa aproni kama mtoto aliyeonja sukari. Kipimajoto kilionyesha sabini na nane. Akajisemea kwamba mayai hupata joto tena.

Valvu si mayai. Vijana walijipima kwa Tetea kama kawaida, wakaanza. Mwanzoni walikuwa sawa. Kidogo kidogo Tetea akaanza kuwakimbia. Axel alizungusha vitasa tisa kwa mikono miwili, anakirudisha kimoja, vinane vinatoroka. Aliye ndani ya mafuriko hajui maji yanatoka wapi. Gitaa la Delmar likabaki upande huu, mashine upande ule, kama watu wawili wanaoitana kwenye ukungu. Dakika kumi na saba zikaisha, na vijana wa bendi nyingine walikuwa mlangoni na ngoma zao.

Axel alikwenda akatazama kipimajoto, akaona hakijafika pale kinapotakiwa. Akawageukia wenzake. Alisema ni yeye. Kwamba bila shaka komeo hakulikaza vizuri asubuhi, mlango ulivujisha joto, ni mkono wake. Alisema bila kulaumu mtu, kama alivyosema kila kitu. Inger alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, ameshika kikapu kitupu. Kuku havunji yai lake, wasemavyo wakubwa. Yeye alikuwa amelivunja la mdogo wake, na akalifunika kwa aproni.

Kampuni ilimrudishia Axel tepu na barua ya mistari miwili.

Lyle Stroud aliuawa Vietnam tarehe 3 Mei 1969, akiwa na miaka ishirini na moja. Alizikwa Sebastopol tarehe 17 Mei, matufaha yakiwa yamemaliza kutoa maua. Pale makaburini Delmar alimsogelea Axel, na watu wakadhani wanataka kukumbatiana.

"Ulikuwa na kazi moja, Axel," alisema Delmar. "Kufunga mlango. Kila alichokiacha duniani kiko kwenye tepu ile, na siwezi kuisikiliza."

"Najua," alisema Axel.

"Unajua."

"Ni mkono wangu, Del. Sitausamehe."

Inger alikuwa nyuma yao na bakuli la viazi vya msiba. Alifungua mdomo. Shangazi wa Lyle akaja akampokea bakuli, akamshukuru, akamwelekeza meza ilipo. Inger akaufunga. Wengi wamesema kwa miaka hii yote kwamba Inger Bruhn, Silveira kwa mumewe, ana mdomo usiofungwa. Umefungwa mara mbili tu, na zote mbili mdogo wake ndiye aliyelipa.

Axel alirudi Petaluma mwezi huo huo. Tetea alirudishwa bandani, visanduku vya jeshi vikatolewa, na kuku wakalala juu yake. Kwa miaka thelathini na mitatu marehemu alitengeneza mashine za kutotolea vifaranga na za kukamulia maziwa kutoka Two Rock hadi Tomales, na hakuna mfugaji aliyewahi kupoteza yai kwa mashine iliyopita mikononi mwake. Alikagua kila komeo mara tatu. Wateja walimcheka kwa hilo, kwa mapenzi. Hawakujua anakagua lipi. Redio ya gari lake haikuwashwa kamwe.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Rosalie Bettini, karani wa posta, katika kanisa hili. Rosalie alimpenda, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa mwanaume pekee aliyekuja dirishani kwake bila kupiga kelele. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1972. Axel alimpa jina Lyla. Rosalie hakuuliza limetoka wapi. Alikuwa amegonga muhuri barua za vijana wengi waliokwenda na hawakurudi, na alijua kutouliza. Axel alikuwa baba wa kutengeneza midoli na mume wa kuosha vyombo. Kila Jumamosi alikula vitumbua vya Kidenmaki kwa dada yake, na kila Jumamosi alimwambia vimeungua, na kila Jumamosi alimaliza sahani.

Mwezi Novemba 2003 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kukaa hospitali. Kitanda chake kiliwekwa dirishani, aone banda. Katikati ya Februari alimwomba Rosalie ambebee kutoka bandani kopo la biskuti lililofungwa kwa utepe, na aazime mashine ya kuchezea tepu. Ndani ya kopo ilikuwemo ile tepu. Hakuwa ameisikiliza tangu 1968. Aliisikiliza kila siku kwa siku kumi, na hakumwambia mtu anasikiliza nini.

Ijumaa, tarehe 27 Februari, saa saba mchana, Inger alikwenda kumwona. Wifi yake alikuwa jikoni. Axel alikuwa mwembamba kama alivyozaliwa, lakini macho yake yalikuwa yanawaka.

"Kaa hapa, dada. Weka sikio." Akawasha tepu katikati ya wimbo. "Hii ni dakika ya kumi na moja. Del amepotea. Mpiga ngoma amepotea. Mimi nimepotea kuliko wote. Msikilize Lyle."

Inger alisikiliza. Hajui muziki, lakini masikio anayo. Tetea alikuwa anapaa taratibu, anaondoka, na chini yake besi ikawa inavutwa, waya kwa waya, inapaa naye. Haikumwacha. Mtu mmoja kati ya wanne ndiye aliyesikia mashine inakoelekea, akainuka akaisindikiza.

"Peke yake," alisema Axel. "Mtoto yule. Miaka thelathini na mitano nimesema niliharibu, na kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kupiga ni hiki hapa. Del hajui. Hajawahi kukisikia."

"Mpigie simu."

"Nitampigia." Alizima tepu. Aliweka mkono juu ya kopo. "Kuna jambo lingine. Unasikia kwamba inapanda?"

"Nasikia."

"Kwanza sikulitilia maanani, nilikuwa namsikiliza Lyle. Mlango unaovuja, dada, joto linashuka, mlio unashuka. Hii inapanda. Dakika zote kumi na saba inapanda." Alimtazama dada yake, si kwa ukali. Alimtazama kama alivyokuwa anatazama yai mbele ya taa. "Inapanda kwa sababu ilikuwa imepoa sana, halafu mtu akaufunga. Sikulegeza komeo mimi. Inger, tulipokwenda kula juani, nani alibaki ndani?"

Rosalie aliingia na bakuli la supu. Akasema inatakiwa inywewe ikiwa ya moto, akamwinua mumewe, akamwekea mto mgongoni. Axel alikunywa vijiko vitatu, akasinzia.

Jumamosi alikuwa na wageni. Jumapili hakuweza kusema. Axel Thorvald Bruhn alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 2 Machi 2004, saa nne asubuhi, mkewe ameshika mkono mmoja na dada yake mwingine, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Delmar hakuwa amepigiwa simu.

Jumatano Inger alimwambia wifi yake, jikoni. Rosalie alichukua kisu. Alimenya viazi. Alimenya viazi vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba, hata vile vya mbegu, kisha akaweka kisu chini akasema, "Andika." Uongo mmoja ulioruhusiwa, msiutafute katika karatasi hizi. Ulishatumika mwaka 1968.

Marehemu ameacha mjane, Rosalie, binti, Lyla, na mumewe, Gordon, wajukuu wawili, Tessa na Emil, ambao babu yao aliwatengenezea kuku wa bati anayelia, dada, Inger, na rafiki, Delmar Stroud wa Eureka, aliyepelekewa taarifa na akajibu kwamba atafikiria. Kama amekuja, ameketi kiti cha mwisho upande wa kulia, karibu na mlango, kwa maana huko ndiko alikokaa siku zote, popote alipoingia. Rosalie ameweka pale mfuko wa karatasi wenye kopo la biskuti. Ni wako, Delmar. Anza dakika ya kumi na moja. Ukimaliza, mwenye kosa umri wake ni miaka sabini na mitatu, nyumba yake ni ile ya pili baada ya daraja, na mlango hautafungwa.

Na wewe, Axel: aliyebaki ndani alikuwa Inger.

Apumzike mahali penye joto lisiloshuka wala kupanda.